Kengele ya Bimdogo

Ukifika vijiji vya pembeni mwa Lukuledi ukauliza nani anajua kubebesha mikorosho, mtoto yeyote atakuonyesha njia ya kwenda kwa Yasinta Mahmudu. Atakuonya pia kwamba mama huyo hapendi kuharakishwa, na ushauri ndio hataki kabisa kuusikia.

Mikorosho ya huku mingi ilipandwa na mababu. Imezeeka, imerefuka, inazaa kokwa mbili tatu kwa kinyongo. Basi Yasinta anakuja na msumeno wake, anaukata mti wote ubaki kisiki cha kufika kiunoni, na anaacha tawi moja tu upande mmoja, ambalo mwenyewe analiita tawi la kupumulia. Kisiki kikishachipua anachagua machipukizi yenye afya, anayachanja kwa kisu, anapachika humo vikonyo vya mkorosho wa mbegu bora alivyovifuata Kitangari, akaja navyo vimeviringishwa kwenye khanga iliyoloweshwa maji. Anafunga kwa utepe wa nailoni, basi, huko ndiko kubebesha. Mwaka wa tatu mti mzee unazaa kijana. Lakini ile siku ya kwanza, siku ya msumeno, watu hulia. Wanaume wazima na ndevu zao! Yasinta huwaambia, "Lieni tu, mkimaliza mnipe maji ya kunywa."

Ana miaka arobaini na saba, mfupi, mcheshi, sauti yake inamtangulia njiani. Kitu kimoja tu kilikuwa kikimnyamazisha, nacho ni kengele ya msiba.

Kengele ya kigango chao, kanisa dogo la kijijini, si kengele ya shaba kama ile ya misheni. Ni kipande cha reli. Wazungu walileta reli huku wakitaka kulima karanga, karanga zikawashinda, reli ikang'olewa, na kipande kimoja kikaishia kuning'inia kwenye mkwaju ulio kando ya kanisa, na nyundo yake imetundikwa ukutani. Akifa Mkristo, reli hupigwa pigo moja kwa kila mwaka aliouishi. Mahali popote ulipo unaacha jembe, unahesabu. Yakipita sabini watu husema, "Huyo kala chumvi." Yakikomea sita au saba, akina mama hujishika vichwa kabla hawajajua ni mtoto wa nani. Ila kwa mtu aliyekufa akiwa nje ya sakramenti, nyundo haikuwa ikiguswa. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi, na mlinzi wa desturi alikuwa katekista Filemoni.

Mama yake Yasinta aliitwa Bimdogo. Alibatizwa kwa jina jingine lakini hilo lilibaki kwenye cheti. Aliishi na Mahmudu, Mwislamu wa watu, mkulima mpole, bila ndoa ya kanisa wala ya msikiti, na alikuwa anapika gongo ya mabibo, pombe kali iliyojulikana mpaka Masasi mjini. Mtu wa namna hiyo hakuruhusiwa kukaa kwenye benchi. Basi kila Jumapili Bimdogo alijifunga khanga safi, akamshika Yasinta mkono, wakaenda kusimama nje ya kanisa, chini ya dirisha. Huko ndani wakipiga magoti, na yeye alipiga magoti, masika kwenye tope, kiangazi kwenye changarawe. Yasinta alidhani makanisa yote yana watu wa ndani na watu wa dirishani. Mara nyingine katikati ya ibada dirisha lilijifunga pu! Mama yake alisema ni upepo.

Yasinta alipokuwa na miaka tisa, Bimdogo akashikwa na homa, siku ya nne akafa. Mahmudu alimshika bintiye mkono wakaenda kanisani. Hakuomba mengi. Alisema, "Mwalimu Filemoni, mpigieni kengele tu. Alikuwa anaipenda."

Filemoni wakati huo alikuwa kijana, mrefu, kanzu nyeupe imenyooka kama imepigwa pasi akiwa ndani yake. Alisimama mlangoni asitoke wala asiwakaribishe. "La kuvunda halina ubani, Mahmudu," alisema. "Watu wanajidanganya eti Mungu anachukia dhambi tu, mwenye dhambi anampenda. Dhambi haina miguu! Umewahi kukutana na ulevi njiani, unatembea peke yake bila mlevi? Mungu anamchukia mwenye nayo. Nendeni mkazike."

Wakazika. Kaburi lilichimbwa na ndugu wa Mahmudu. Wakristo hawakuja kwa sababu wamekatazwa, na Waislamu waliokuja hawakujua wasome nini juu ya Mkristo, wakaona bora kunyamaza kuliko kukosea. Yasinta akasikia udongo tu, koleo baada ya koleo. Hakulia. Alikuwa anasubiri kengele, maana mtoto hajui kwamba hapana ya mtu mzima inaweza kuwa hapana mpaka mwisho.

Tangu hapo alimchukia Filemoni, na alimchukia kwa bidii, kama mtu anayemwagilia mche. Kanisa hakuliacha kwa sababu mama yake alilipenda. Alikaa benchi la mbele kabisa, palepale usoni pa katekista, miaka thelathini na zaidi, amtazame tu. Lakini nikwambie lililokuwa likimla hasa. Hakuwa anaogopa kwamba Filemoni alisema uongo. Aliogopa kwamba alisema kweli. Mapadre wawili kwa nyakati mbalimbali walimwambia, "Mama, Mungu anachukia dhambi, mkosaji anampenda." Akawashukuru, akawaletea hata kuku. Moyo haukutulia. Mapadre huja na kuhamishwa, na si wao waliofunga mlango. Yeye alitaka kusikia neno hilo kwa mdomo uleule uliosema lile jingine.

Sasa, miaka miwili iliyopita, Jumapili moja, aliingia kanisani kijana mgeni kutoka Kitangari, akakaa benchi la tatu. Aliitwa Trevor. Hakusema neno, na hakukuwa na haja. Paji lile, taya lile, urefu ule! Watu waligeuza shingo kutoka kwa kijana kwenda kwa katekista, kutoka kwa katekista kwenda kwa kijana, mpaka wimbo ukapotea. Mchana ule kijiji kizima kilikuwa na methali moja tu mdomoni, mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Filemoni angeweza kukana. Mkewe alikwishafariki, mama wa kijana hakuwa amekuja, nani angemshitaki? Jumapili iliyofuata alisimama mbele, akasema, "Yule ni mwanangu. Nilimzaa nje, mke wangu akiwa hai, nami nikiwafundisha ninyi." Akavua kanzu. Akaikunja vizuri, akaiweka mezani, akatembea mpaka benchi la mwisho karibu na mlango, akakaa. Yasinta alifurahi siku tatu. Siku ya nne alijikuta anachemsha mihogo huku machozi yanamtoka, wala hajui anamlilia nani.

Mzee yule hakurudi tena kwenye komunyo. Padre alimwendea nyumbani, akamwita kwenye kitubio, akamwambia Mungu anasamehe. Filemoni akamjibu, "Padre, miaka karibu arobaini nimewaambia watu hawa kwamba Mungu anamchukia mwenye dhambi. Leo nibadilishe kwa sababu mwenye dhambi ni mimi? Huo ni uhuni." Padre aliondoka anatikisa kichwa. Kisha moyo wenyewe, ule wa nyama, ukaanza kumsumbua mzee. Miguu ikavimba. Hospitali ya Mkomaindo, Masasi, walimlaza, wakampa vidonge, wakamwambia bintiye kwa sauti ya chini kwamba amrudishe nyumbani akae naye.

Bintiye huyo ndiye Huruma, na ndiye aliyemwita Yasinta mwezi wa Januari, korosho za mwisho zikiwa zimekwisha kuokotwa. Mbele ya nyumba kulikuwa na mkorosho ambao Filemoni aliupanda mwaka alipovalishwa kanzu. Sasa ulikuwa gofu. "Mama Faidha," Huruma alisema, akimwita Yasinta kwa jina la mwanawe, "hata kama hutaki kuja kwa ajili ya baba, njoo kwa ajili ya mti." Yasinta akaja, mzee amelala ndani, na nusu siku mti ukawa chini.

Filemoni aliamshwa na ukimya wa msumeno. Akajikokota mpaka mlangoni, akashika mhimili. Akaona kisiki cheupe kinachotoa maji, na matawi yamelala uani. Kwa kuwa alikuwa Masasi kutibiwa Huruma na Yasinta walipokubaliana, hakuna aliyemwambia.

"Binti Bimdogo," alisema polepole. "Umenilipiza. Haya. Ulikuwa na haki."

Yasinta alimtazama akataka kucheka, akashindwa. "Shikamoo, mwalimu. Sijalipiza. Nabebesha."

"Umeuua."

"Sijauua, nimeacha tawi la kupumulia, hilo hapo, tazama! Ungekuwa mti nisioutaka ningeupita tu, ukazeeka ukaanguka wenyewe. Mti unaouchukia huutolei jasho."

Alisema kwa ajili ya mti, kweli kabisa, kama anavyowaambia wateja wote. Lakini mzee akaliangalia lile tawi moja muda mrefu, mpaka Huruma akaja kumshika kumrudisha kitandani.

Kisiki kikachipua. Mwishoni mwa Machi machipukizi yakawa unene wa penseli, Yasinta akarudi na khanga yake ya vikonyo. Safari hii mzee alikuwa nje, kwenye kiti cha kamba, miguu juu ya kigoda. Akamtazama akichanja, akipachika, akifunga utepe. Akafika kikonyo cha nne.

"Mwalimu," Yasinta akasema bila kugeuka, "nina neno la tangu utoto. Mungu anamchukia mama yangu?"

"Usiniite mwalimu," mzee alisema.

"Ulisema mlangoni, nikiwa nimeshikwa mkono. Bado unasema?"

"Nikisema hapana," Filemoni akajibu, "nitakuwa nimejifungulia mlango mimi. Hulioni hilo? Mshitakiwa hawezi kuwa hakimu. Kila neno jema nitakalolitoa juu ya mama yako sasa ni hongo najipa mwenyewe. Ningelisema zamani, nikiwa safi, lingekuwa na uzito. Nimechelewa, mwanangu."

Jamani! Yasinta alikuwa tayari kwa ubishi, alikuwa tayari kwa matusi, lakini hili hakulitegemea. Mzee huyu alikuwa amejifungia nje kwa heshima, na ufunguo ameumeza. Damu ikampanda.

"Kwa hiyo mama yangu abaki dirishani kwa sababu wewe unaona haya kuingia? Ulimfungia ukiwa safi, sasa unamfungia ukiwa mchafu! Sasa utamfungulia lini?" Akageuka, kisu mkononi. "Nikwambie, mimi nimekuchukia. Nimekuchukia vizuri, dhambi na mwenye dhambi pamoja, sikubagua. Kuchukia mtu nakujua, ndiyo kazi yangu ya pili baada ya mikorosho. Na leo nataka Mungu akupende. Unasikia? Akupende wewe, wewe wa Kitangari, wewe wa mlangoni. Maana kama yupo anayeweza kukupenda wewe, basi mama yangu alikwishaingia zamani!"

Alipomaliza akasikia baridi mikononi, mchana ule na jua lile. Hakuwa amepanga kusema hivyo. Miaka thelathini na minane alidhani yuko upande mmoja na Mungu dhidi ya mtu huyu, na sasa ameomba kwa kinywa chake apendwe, na alipoomba aliona kwamba anataka kweli, kwamba chuki aliyoimwagilia miaka yote haikuwa na mizizi kule chini alikokudhania. Kitu kikubwa kilikuwa kimepita uani pale, kikamgusa, wala hakukiona. Akaogopa. Akaweka kisu chini, akajifunga khanga upya ingawa haikuwa imelegea.

Filemoni alikuwa analia bila sauti, machozi yanafuata mikunjo. "Nilikuwa namwona," alisema. "Kila Jumapili. Akipiga magoti kwenye tope nilimwona. Watu wa ndani walikuwa wanasinzia, yeye wa nje alikuwa anasali. Ilinisumbua. Ndipo nilipokuwa nafunga dirisha."

"Ulikuwa upepo," Yasinta akasema, kama mtoto.

"Haukuwa upepo."

Akamaliza kufunga vikonyo vilivyobaki kwa sababu havingojei, akaaga, akaenda zake. Hakuomba tena lile neno. Wiki mbili alikuwa Newala, anabebesha shamba la watu, na kila jioni akiosha mikono alijikuta anasema, "Mpende basi," kisha anatazama huku na huku kama kuna aliyemsikia.

Aliporudi ilikuwa Jumanne moja ya Aprili, saa nne asubuhi. Yuko uani kwake anatwanga, na baba yake, Mzee Mahmudu, miaka themanini na miwili, ameketi kwenye mkeka kibarazani, ndipo reli ikalia.

Ng'aa! Yasinta akaacha mchi. Ng'aa! Akajua mara moja. Mzee Filemoni amekwenda, akawaza, na neno langu amekwenda nalo. Akaanza kuhesabu akitegemea sabini na mbili. Lakini mapigo yalikuwa mazito, yanachelewa, hata mawili hayakulingana, kama anayepiga amebeba mzigo. "Twende," Mzee Mahmudu akasema, akatafuta fimbo yake. "Msiba ni msiba."

Njia ilikuwa imejaa watu, wanawake wamejitanda khanga za msiba, wenye unga wamebeba unga, wenye kuni kuni, kila mmoja anahesabu kwa midomo. Waliofika wa kwanza walikuwa wamesimama kimya kabisa, na Yasinta alipopenya akaona kwa nini.

Aliyekuwa anapiga kengele ni Filemoni. Ameletewa kile kiti cha kamba mpaka chini ya mkwaju, Huruma amemshikilia bega, na mzee anainua nyundo kwa mikono miwili, anaipiga reli, anaishusha magotini, anahema. Watu wawili walitaka kumpokea, akawakatalia kwa kichwa. Thelathini na moja. Thelathini na mbili. Jasho limelowesha shati. Thelathini na tatu. Akapumzika mpaka watu wakadhani amekoma. Akainua tena. Thelathini na nne. Nyundo ikaanguka mavumbini.

"Mwalimu, nani kafa?" akauliza mama mmoja, unga kichwani. "Thelathini na nne ni nani?"

"Bimdogo," Filemoni akasema.

"Bimdogo yupi tena? Yule si alikufa zamani!"

"Alikufa zamani. Kengele ndiyo iliyochelewa." Akawageukia watu wote, sauti haina nguvu lakini imenyooka kama ile ya kale. "Jana padre alikuja. Nimeungama, nimepokelewa, mimi huyu. Niliwafundisha ninyi kwamba Mungu anamchukia mwenye dhambi. Nilikosea. Nilikuwa namwelezea Filemoni, nikamwita Mungu." Kisha akamtafuta mtu mmoja kwa macho mpaka akampata. "Ndugu yangu Mahmudu. Ulikuja kuniomba kengele."

Mzee Mahmudu alivua kandambili kama avuavyo mlangoni pa msikiti, akasogea miguu mitupu, akamshika Filemoni mkono, akaubana. Hakuna aliyejua aseme nini, Mkristo wala Mwislamu, ila safari hii walikuwepo.

Yasinta alikuwa anafikiri kitu. Umri wa mama yake hakuwahi kumwambia mtu. Baba yake mwenyewe alikuwa akikisia tu, mara thelathini, mara arobaini. Yeye aliujua baadaye sana, kwenye cheti cha ubatizo alichokikuta chini ya sanduku.

"Mwalimu," akasema, na sauti yake haikumtangulia safari hii, "umejuaje ni thelathini na nne?"

Filemoni alijifuta jasho. "Siku ile mlipoondoka mlangoni, nilifungua daftari la ubatizo nikaona mwaka wake wa kuzaliwa. Nikashika nyundo. Nikahesabu kimoyomoyo mpaka thelathini na nne." Akatazama mikono yake. "Kisha nikairudisha ukutani."

Yasinta akakaa palepale kwenye vumbi la kanisa, akamlilia mama yake kwa sauti, kilio cha mtoto wa miaka tisa. Wanawake wakashusha unga na kuni, wakamzunguka, wakamshika mabega kama anavyoshikwa mfiwa.